Nchi ya Mama Maraos na Sufuria Mbili

Mama Maraos hakuwahi kukaa kitako akamaliza chai. Alfajiri yuko kwenye magimbi, maji yamemfika magotini. Saa mbili yuko kwenye kibanda chake karibu na gati, akikaanga chapati za mayai kwa watalii waliotapika njia nzima kutoka Taiwani. Na kati ya chapati moja na nyingine, anachungulia ramani ya dunia aliyoibandika ukutani.

Ramani yenyewe imechorwa kwa kalamu nyekundu mpaka unadhani imekwaruzwa na paka. Mstari unatoka kisiwani kwao, Ponso no Tao, yaani Kisiwa cha Watu, unashuka Ufilipino, unapita Indonesia, unavuka hadi Madagaska. Halafu unageuka mashariki hadi Hawaii na Rapa Nui, huko ambako bahari yenyewe inachoka.

"Yote hii, nchi moja," huwaambia wateja. "Si leo. Tuseme miaka hamsini. Sisi jicho tunaita mata, wao mata. Tano tunaita lima, wao lima. Bibi yetu mmoja, tumepotezana tu."

"Na mji mkuu utakuwa wapi?" dereva mmoja wa teksi alimchokoza.

"Kwenye meli. Utakuwa unazunguka."

"Na rais?"

"Rais akiugua bahari, anajiuzulu siku hiyohiyo. Kula chapati yako, inapoa."

Yalianza hivi. Msimu wa baridi alikuwa anapekua simu, akakuta video ya mwanamke wa Itbayat, kisiwa cha Ufilipino kilicho jirani yao upande wa kusini, akimfokea mbuzi. Mama Maraos akaelewa kila tusi. Kila tusi! Usiku kucha hakulala. Akamwandikia yule mwanamke, mwalimu anayeitwa Crisanta, na wakaanza kuulizana: mvua mnaitaje? Kiazi kikuu je? Mwaka ukapita hivyo.

Na sasa Crisanta alikuwa amekuja kweli, pamoja na baba yake, Mzee Faustino. Kwa mashua ni safari ya siku moja. Lakini hakuna mashua inayoruhusiwa kuvuka mpaka moja kwa moja, basi wamepanda ndege nne kwa siku tatu, kupitia Manila na Taipei, ili kumtembelea jirani.

Kwa hiyo wakaandika barua. Wanaziomba serikali zote mbili, ya Taiwani na ya Ufilipino, ziruhusu mashua moja tu, mara moja kwa mwaka. Chini kabisa Mama Maraos aliongeza sentensi yake mwenyewe: *Hii ndiyo kamba ya kwanza ya nchi yetu kubwa ijayo.* Crisanta alishatia sahihi, baba yake pia. Kilichobaki ni dole gumba la Babu Maraos, mkwe wake, mkubwa wa mtumbwi wa watu kumi. Babu asipobonyeza, hakuna mzee kijijini atakayebonyeza. Na ndege ya wageni inaondoka saa kumi, leo.

Babu alikuwa amekataa tangu juzi.

"Nchi?" alisema, akifuma wavu wake. "Nimezaliwa chini ya bendera moja, nikazeekea chini ya nyingine. Zote zilikuja na karatasi. Tuliambiwa kinajengwa kiwanda cha samaki, yakaja mapipa ya sumu. Sasa unaniletea bendera ya tatu, tena uliyoitunga mwenyewe kwenye mafuta ya chapati?"

"Hii ni ya kwetu, Baba."

"Ya kwetu ni ile inayoelea pale," akasema, akiuonyesha mtumbwi kwa kidevu.

Basi Mama Maraos akabaki na silaha moja, chakula. Ulikuwa msimu wa samaki panzi, wale wenye mabawa, na mchana huo aliwaalika wote mezani. Asubuhi nzima alipika huku akikariri hotuba. Anamenya gimbi, anasema "ndugu zangu." Anatoka nje kutazama mawingu kama ndege itaruka, anarudi. Anafunika sufuria, anaifunua, anaikumbuka sentensi, anaisahau.

Wakakaa. Babu akapewa bakuli la kwanza la supu ya samaki panzi, kama ilivyo haki yake. Akaliinua mpaka mdomoni.

Mzee Faustino akanyoosha mkono na kuliziba bakuli kwa kiganja.

Hebu fikiria! Mgeni, amzuie mkubwa wa mtumbwi asile nyumbani kwake! Crisanta alikaribia kuingia chini ya meza.

"Usinywe, kaka," Faustino akasema polepole ili aeleweke. "Nanusa nguruwe."

Mama Maraos aligeuka kutazama jikoni. Sufuria nyeusi ya samaki panzi ilikuwa imening'inia ukutani, kavu, safi. Alikuwa amepikia kwenye ile ya nguruwe. Kisiwani kwao hata mtoto wa chekechea anajua: samaki panzi ana sufuria yake, na mvuvi akila mchanganyiko huo msimu huu, mtumbwi mzima unakaa pwani.

"Mwanamke wewe!" Babu akalipuka. "Unataka kuunganisha visiwa elfu, na sufuria mbili zimekushinda kuzitenga!"

"Nilikuwa nawaza hotuba, Baba."

"Hotuba! Watu kumi wangekaa pwani kwa hotuba!"

Kisha akamgeukia Faustino, akamkagua kama anayekagua ubao wa mtumbwi. "Na wewe ulijuaje?"

"Baba yangu alikuwa mvuvi. Mkono ulioshika nguruwe, alikuwa haugusishi na samaki wa mabawa. Nikiwa mdogo nilisahau mara moja." Akacheka, akajipapasa mgongo. "Sijasahau tena."

Babu akaliweka bakuli chini. "Mjukuu wako wa kwanza anaitwa nani?"

"Jovelyn. Wa huyu Crisanta."

"Basi wewe ni Babu Jovelyn. Lile jina lingine ni la kitoto, sitakuita tena. Na huyu ni Mama Jovelyn." Kwao mtu mzima huitwa kwa mtoto wake au mjukuu wake, na siku tatu zote Babu hakuwa amemwita mgeni kwa jina lolote. "Mama Maraos! Lete hiyo karatasi."

Akaleta.

"Kabla ya hilo neno lako la nchi, andika la sufuria."

"Kwenye barua ya serikali, Baba?"

"Serikali hazipiki? Andika."

Akaandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: *Samaki panzi hatapikwa sufuria moja na nguruwe.* Babu akabonyeza dole gumba. Likaacha alama ya wino na gamba moja la samaki. Saa tisa na nusu tayari! Wakakimbilia uwanja wa ndege na magimbi mkononi, supu ikamwagwa shimoni.

Jioni Mama Maraos alisimama mbele ya ramani. Visiwa viwili. Akaanza kuhesabu vilivyobaki, akaacha njiani. Hotuba nzima ilikuwa bado haijasemwa. Kidole chake kikateleza mpaka Madagaska, kikagonga pale, kikagonga tena. Akachukua simu, akamwandikia Crisanta, aliyekuwa bado njiani kwenda Taipei:

"Unamjua mtu yeyote Madagaska? Muulize, wao hawachanganyi nini na nini?"