Saa ya Joni Niliyobadilisha kwa Mtamba

Kaka yangu aliporudi kutoka migodi ya dhahabu ya Joni, kule Afrika Kusini, mwaka hamsini na nne hivi, alikuja na viatu vya rangi mbili, na mimi akanivalisha saa mkononi. Badala yake alitaka mtamba wangu. Mtamba huyo nilipewa na baba kabla hajafa, awe mahari yangu, na sikuwa na mwingine. Kaka akasema saa kama ile Mbeya nzima hana hata bwana shauri, mzungu mkuu wa wilaya. Nikampa kamba ya mtamba.

Saa haikutembea. Ilikuwa ya bati, haina kioo, na mishale ilisema saa nne na dakika kumi asubuhi mpaka jioni. Nikamwuliza.

"Saa ya Joni haikurupuki, mdogo wangu. Inamzoea mtu kwanza."

Nimesoma miezi minane tu, lakini macho ninayo. Niliona haitembei. Ila yule ni kaka wa tumbo moja, mgongo wake ndio ulionilea. Nikaitetea. Kwenye palizi wenzangu walinikejeli: "Bwana mkubwa, saa ngapi?" Nachungulia jua, natazama mkono, nasema saa saba kasorobo.

"Mbona mishale inasema nne?"

"Hiyo ni nne ya Joni. Huku unaongeza."

Walicheka mpaka wakaegemea majembe.

Siku ya posa nilikwenda na mshenga kwa baba wa binti niliyemtaka. Mzee akauliza ng'ombe yuko wapi. Nikamwonyesha saa, nikamwambia inamshinda ng'ombe thamani. Akaishika, akaikwangua.

"Kijana, mshale wako umebaki kwenye ukucha wangu. Nikurudishie?"

Mshenga wangu mwenyewe akacheka. Nikasimama. "Baba, ni ya kweli. Kaka yangu hawezi kunidanganya."

Binti nikanyimwa. Nikarudi mbio kwa kaka. "Kaka, wamesema ni ya kuchora."

Akaniangalia, akaangua kicheko. "Kumbe wewe uliamini kweli? Mimi nilidhani unatania watu!"

"Nirudishie mtamba."

"Yuko Ubaruku kwa wakwe zangu, nimeshamtoa mahari. Tena nataka unisimamie harusini."

 Kesho yake nikapanda lori la Iringa. Nikafyatua matofali miaka mitano, nikaoa hukohuko kwa ng'ombe wangu mwenyewe. Kaka alipopata habari kwamba nina mke, nilikuwa na watoto wawili.