Mkia wa Nywele Zangu

Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, wa kusukwa nywele kwa uzi kila Jumamosi, wakati mtaa wetu wa Kadutu ulipoamua kwamba baba yangu amenitoa kwa mambamuntu. Nasema uliamua kwa sababu hakuna aliyeuliza chochote. Watu wetu walikuwa hodari wa kuamua, hasa wakiwa wameshiba, na siku ile walikuwa wameshiba samaki wetu.

Kwa asiyekulia kwetu, mambamuntu ni mwanamke wa majini, juu mtu, chini samaki, nywele zimemshuka mpaka kiunoni. Humpa mtu utajiri, na mtu humlipa kwa kumtoa mmoja wa nyumba yake, na anayempenda zaidi ni mtoto. Miaka ile ya Zaïre picha yake ilitundikwa katika sebule nyingi za Bukavu, mara nyingi ukuta mmoja na Bikira Maria, na sikuwahi kumsikia Mkatoliki yeyote akilalamika. Kwetu haikuwepo. Papa alikuwa karani wa ofisi, amesomeshwa na mapadri, na alisema mambamuntu ni dini ya wavivu. Nilimpenda sana kwa maneno hayo. Nilikuwa nikiyarudia shuleni kwa kiburi, kana kwamba nimeyatunga mimi.

Burudani yake ilikuwa kuchonga samaki wa mbao. Aliiga kutoka gazeti kuukuu la Kifaransa aliloliokota ofisini, lenye picha za wanaume waliosimama ufukweni mwa bahari wakivua kwa kurusha samaki bandia wenye ndoana kwenye mawimbi. Bahari hatukuwa nayo. Tulikuwa na ziwa, na kwenye njia ya Kavumu kuna mahali upepo wa alasiri huleta mawimbi ya kumtosha mtu anayejidanganya kidogo. Papa alikuwa anajidanganya vizuri.

Alichonga kwa mti wa avoka uliokauka, kwa sababu ni mwepesi. Alitoboa tumbo akatia risasi iliyoyeyushwa kutoka betri bovu ya gari, ili samaki asielee kwa ubavu. Mdomo aliukata kwenye kopo la nyanya, na huo mdomo wa bati ndio unaomfanya samaki wa mbao azame na kutikisika anapovutwa. Mbavu alizibandika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, akapaka juu rangi ya kucha ya mama. Wa kwanza walizunguka ovyo na kusokota uzi. Baadaye wakaanza kuogelea kweli, nami nikajivunia kila mmoja.

Kilichomshinda ni mkia. Manyoya ya mbuzi yalilowa yakashikana. Nyuzi za gunia hazikucheza. Basi Jumamosi moja mama alikuwa amenifumua, nywele zimenyooka kwa ajili ya ule uzi, Papa akaja na wembe akakata fungu nyuma ya shingo yangu, akalifunga kwenye ndoana ya nyuma. Akalichovya katika beseni. Lilifunguka na kucheza ndani ya maji vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kujaribu.

Koko, mama yake Papa, alikuwa amekaa mlangoni. Kwake nywele za mtoto hazikuachwa hata kwenye kitana, alikuwa akiziokota na kuzichoma kwenye jiko la mbabula, mkaa ukiwa bado mwekundu. Alipoona ule mkia alisimama.

"Nywele ya mutoto haiendake mu maji," alisema. "Ukiitupa kule, maji itakamata mutu wa hii nyumba."

"Maman, ni nywele tu," Papa akamjibu. "Nywele haina kazi ingine."

Yakumbukeni maneno hayo. Aliyatamka bila shida siku ambayo hayakumgharimu kitu.

Jumapili baada ya misa tulikwenda naye ziwani, pale kijito kinapoingia na maji yana tope. Papa alirusha kwa mkono, uzi wa nailoni ukifunguka kutoka kwenye kopo, akavuta polepole, akarusha tena. Akapata kambale. Kisha akapata mwingine, mkubwa kuliko alivyostahili, na wa mwisho alikuwa mrefu kama mguu wangu. Tukapanda nao njia ya Kadutu mchana kweupe, Papa akiwa mbele, samaki wamening'inia begani kwenye fimbo, na watu wakatoka milangoni kutazama.

Walikuja wote kula. Wa kwanza alikuwa Tonton Bisimwa, kaka yake mama, mtu ambaye pua yake ilijua siku ya nyama kuliko padri alivyojua sikukuu. Alikula vichwa, akafyonza mifupa, akafuta mikono kwenye kitambaa cha meza. Ndipo akauliza samaki hawa wamevuliwa na nini, na Papa, kwa fahari, akamwonyesha.

Tonton aliutazama ule mkia, kisha akatazama kichwa changu. Alibeba mabaki kwenye majani ya ndizi, akaenda kuyasema nje.

Kufikia katikati ya wiki hakuna mtoto aliyetaka kukaa na mimi kwenye benchi. Maman Zawadi, jirani aliyekuwa akinituma dukani kila siku, sasa alipitisha watoto wake upande wa pili wa njia. Hawakunichukia. Walinihurumia, jambo lililokuwa baya zaidi, wakanitazama kama mtu anayekaribia kusafiri. Nilisubiri Papa atoke nje awaambie lile neno lake, kwamba ni nywele tu. Nilijua angewaaibisha. Nilikuwa nimeshachagua hata mahali pa kusimama ili nione nyuso zao.

Hakutoka. Kwanza nilidhani amechoka. Kisha nikaanza kuona mambo. Wanaume waliokuwa wakimpita bila kumjali walianza kumpisha njiani. Pale ofisini mkubwa wake, aliyezoea kumwita kwa kidole, alimpa mikono miwili na kumwita citoyen, jina la heshima la miaka ile, kwa sauti ya chini. Papa alianza kuvaa abakosi yake ya Jumapili, ile suti isiyo na tai, hata siku za kazi. Alitembea polepole. Akiulizwa habari za ziwa, alitabasamu akanyamaza, nami nikaujua ule unyamavu. Ulikuwa umemnogea.

Kisha nikashikwa na malaria. Kadutu nzima ilikuwa na malaria wakati wa mvua, lakini yangu ilipewa maana. Sebule ikajaa. Niliwasikia kutoka kitandani kupitia pazia, wakikohoa na kuomba chai. Walikuwa wamekuja kuona ninavyochukuliwa, na kwa uvivu wao wa kawaida walitaka itokee kabla ya chakula cha mchana.

Tonton Bisimwa ndiye aliyemuuliza shemeji yake. "Beau-frère, batu banasema mutoto ulimupatia yule wa mu maji. Sema tu. Ni kweli ao ni bongo, banadanganya tu?"

Nikaketi kitandani, homa na yote. Nilisogeza pazia ili nimwone. Neno moja lilitosha, na lilikuwa lake mwenyewe. Papa alinyoosha kola ya abakosi, akawatazama mmoja mmoja, akatabasamu.

"Kuna mambo mutu haelezake," alisema.

Mama alilia. Wengine wakapiga ishara ya msalaba. Mimi sikulia. Nilimdharau, na nilikuwa bado mdogo mno kujua kwamba kuna dharau ambayo haiponi.

Koko ndiye aliyeinuka. Alikuja akanitoa kitandani, akanikalisha katikati ya sebule mbele yao, akaninyoa kichwa chote kwa wembe, bila haraka. Nywele akazitia kwenye mbabula. Moshi ule mbaya ukajaa nyumba mpaka wageni wakakohoa kweli. Kisha akamgeukia mwanawe, ambaye upara ulikuwa umeshaanza kumla.

"Sasa uvue samaki na nywele yako," akamwambia.

Nilipona, kama wanavyopona watoto wengi wanaopewa kinini. Mtaa ulisema mambamuntu amekataa kipara. Papa hakuwasahihisha. Aliendelea kurusha yule samaki wa mbao mwenye mkia wangu mpaka nywele zikaisha, na hata alipokosa samaki watu walimwogopa vile vile. Mwaka ule haukuisha kabla hajarudi kutoka soko la Kadutu na picha iliyoviringishwa, akaigongomea misumari sebuleni. Alikuwa yule wa majini, nywele mpaka kiunoni. Tangu hapo watu walimletea ugomvi wao auamue, na yeye akauamua akiwa amekaa chini ya picha, yule yule aliyeniambia ni dini ya wavivu. Hakuwahi kuiamini. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo. Angekuwa anaiamini ningemhurumia, kama nilivyomhurumia Koko na kitana chake.

Papa alikufa mzee, kitandani. Kwenye matanga Tonton Bisimwa alikuwepo, bila meno, sahani magotini. Aliniita nikakae karibu, akanichungulia nywele zangu, sasa nyeupe na nyingi, zilizofungwa nyuma.

"Kumbe ile maji haikukukamata," alisema, kama mtu aliyedhulumiwa.

"Hapana, tonton. Ilikamata Papa."

Alitafakari kidogo, au labda alikuwa anatafuta mfupa kwa ulimi. Kisha akaninyooshea sahani akauliza kama jikoni bado kuna samaki.