Nani Amekula Kichwa?

Jumanne mchana nilikuwa nasubiri chakula katika hoteli moja ya samaki hapa Kisumu. Meza ya jirani, kijana anayetengeneza tovuti alikuwa akimwonyesha mama mwenye hoteli kazi yake kwenye kompyuta. Ilipendeza: picha ya samaki aina ya ngege, mzima, wa kukaanga, ameenea kioo chote. Mama akachekelea, akatoa simu yake, akaifungua tovuti mwenyewe. Cheko likakatika.

"Yawa! Nani amekula kichwa?"

Kijana hakuinua hata macho. "Ni simu tu imekata picha, Mama. Skrini ni ndogo. Hiyo ni kawaida."

"Kawaida?"

"Watu wataelewa."

 Mama alielekea jikoni. Huku kwetu ziwani, jicho la samaki ndilo hutuambia alivuliwa lini, na mpishi anayeleta samaki bila kichwa ana jambo analoficha.

Punde sahani ya kijana ikaja. Samaki alianzia mabegani.

"Mama, kichwa iko wapi?"

"Ni sahani tu imekata," alijibu, akimsogezea ugali taratibu. "Sahani ni ndogo. Hiyo ni kawaida."

Kijana alisukuma chakula kando, akaivuta kompyuta. Nimewasubiri mafundi wa kompyuta maofisini hadi nikasinzia, lakini sijawahi kuona kosa likirekebishwa upesi namna ile. Mama alitazama simu yake, akaridhika, akaita jikoni:

"Mleteeni kichwa yake!"