Chaki ya Fundi Tumboni

Haya, ninayoandika hapa nusu hamtaamini, na nusu iliyobaki mtaniita mwongo. Shauri yenu. Shule niliiacha njiani, lakini macho ninayo.

Mpwa wangu ni fundi cherehani. Kisukari kilimwanza angali msichana, kikamla figo zote mbili, hadi dada yake akamgawia yake moja. Madaktari waliipachika mbele, chini ya kitovu upande wa kulia; ukimkumbatia vibaya anakusukuma. Miaka mitatu ikapita salama, akataka mtoto.

Nyumba ikawaka moto. Mama mkwe wake akaweka kikombe chini. "Mwanangu, umeponea chupuchupu. Figo ya mwenzio ndiyo ya kuchezea?"

"Mama, nilipewa niishi. Sikupewa niifungie kabatini."

Dada mtu, mdomo umejaa mkate, akadakia: "Nimeshatoa, siidai. Mwacheni!"

Daktari hakukataa, ila alimpa masharti. Dawa moja ya kulinda figo ilikuwa hatari kwa mimba, ikabadilishwa. Sukari itulie kwanza, kisha ndipo ajaribu. Akang'ang'ana. Kila asubuhi alipima, akajidunga insulini, akaandika sukari yake kwa chaki kwenye meza ya kukatia, kando ya vipimo vya wateja. Bibi mmoja mwembamba kama fimbo akashonewa sketi ya kiuno mia na kumi na mbili. Kumbe ni sukari ya jana!

Mimba ikashika. Mwezi wa nane presha ikapanda, miguu ikavimba, figo ikaanza kuchoka.

"Mtoto tunamtoa leo," daktari akasema.

Pale pale kitandani mpwa wangu akatoa chaki yake, akaizungushia figo mstari juu ya ngozi.

"Hapa usipite."

Daktari akacheka. "Fundi, leo mkasi ni wangu."

"Mkasi wako, kitambaa changu."

Akakata mbali na chaki. Baada ya siku chache presha ikashuka, figo ikarudi kazini kama haijawahi kulalamika, na mama mkwe akawa wa kwanza kugombania kumbeba mtoto. Na huyo binti sasa! Jamani, alitoka na kilo tano na nusu, meno mawili mbele, akamtazama daktari usoni, akamwambia shika—

"Mjomba! Hebu lete hilo daftari. Kilo mbili na robo, tena kibogoyo. Futa!"