Darubini Kwenye Bwawa la Juu

Kundi letu la watazama ndege hapa Isiolo lilikuwa limekaa misimu kadhaa bila mtu kuona korongo taji akiwa na makinda. Mimi nauza misumari na mabomba mjini, sina sifa nyingine, na sifa ya kuwaona niliitamani. Niliposikia kuna bwawa huko juu ambalo halijakauka, nilifunga duka.

Alfajiri nilitoka mtaani kwetu Chechelesi kwa pikipiki, na darubini, chupa ya chai, na kofia ya bure niliyopewa kwenye mkutano wa kaunti. Kiangazi kilikuwa kimekolea. Barabara ilipanda, vumbi likapungua, na kwenye mashamba ya ngano baridi ikaanza kuniuma vidole.

Bwawani maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha tope lililopasuka. Bata bukini waligombana. Yangeyange walisimama tu wakisubiri ng'ombe. Nikaketi juu ya jiwe, nami nikasubiri. Wake zetu hushangaa kwamba jambo hili tunaliita shughuli.

Saa nne hivi matete yakatikisika. Akatoka korongo, kisha mwenzake, na katikati yao makinda wawili wa rangi ya udongo. Nilifurahi, nikachomoa simu kwa pupa na kuanza kupiga picha kupitia darubini. Picha za kwanza zilitoka ukungu mtupu.

Nilipogeuka, mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu na fimbo, ng'ombe wake wamebaki mbali.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, mama."

"Mawe mtaweka lini?"

"Mawe gani?"

"Ya mpaka. Wewe si wa kupima ardhi? Kofia ya kaunti, na hiyo kitu ya kupimia."

Nikacheka, nikampa darubini. "Hii ni ya kutazama ndege tu, mama."

Yeye hakucheka. Aliniambia anaitwa Mama Qabale, na kwamba wametembea siku nyingi na mifugo kufuata maji.

"Pale tulikuwa tunanywesha mbeleni, watu wa ndege walikuja pia. Watu wazuri. Wakapiga picha. Wengine wakakuja kuona, halafu wengine, halafu seng'enge. Sasa ndege iko ndani, ng'ombe iko nje. Hii maji ndiyo imebaki."

"Lakini ng'ombe hawawasumbui ndege?"

"Angalia mwenyewe."

Akapiga mluzi. Ng'ombe wakashuka kunywa. Korongo waliinua vichwa, kisha wakaja taratibu nyuma ya kwato, pamoja na makinda yao, wakiokota wadudu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho, na nasema hivyo bila kutia chumvi.

Tulikunywa chai yangu kwa kupokezana kifuniko cha chupa.

"Utaambia wenzako?" akauliza.

Nikamjibu kwamba sijui, na huo ndio ulikuwa ukweli.

Jioni nilikuwa nyumbani. Nikatuma picha kwenye kundi, nikasifiwa mpaka nikavimba kichwa. Halafu wakauliza: wapi? Walikuwa tayari wanapanga gari la Jumapili. Niliandika jina la bwawa, nikalitazama, nikalifuta. Nikaandika: "Mlimani."

Wamenuna. Mwenyekiti anasema ndege asiye na mahali hahesabiwi, kwa hiyo korongo wangu hawakuingizwa kwenye taarifa ya msimu. Inaniuma, sikatai. Lakini nimejifunza kwamba seng'enge huanza na mtu mmoja aliyefurahi, na asubuhi ile mtu huyo nilikuwa mimi.