Siku Tulipoitoa Harusi Ukumbini

Jirani yangu wa chumba cha tatu anasema bendi yetu ilimteka bibi harusi.

Anasema kwa uhakika kabisa, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ndoo. Ati tulikwenda ziara nchi za watu, tukaitwa kupiga muziki kwenye harusi ya matajiri, tukalewa, tukambeba bibi harusi na shela lake tukatoka naye mbio. Ati polisi wakatufungulia mbwa. Ati ndiyo maana tumerudi bila kiongozi wetu, amebaki huko anatumikia kifungo kwa niaba yetu.

"Na mbwa mmoja alimng'ata shemeji yake kalioni," anamalizia. "Mtazameni anavyokaa."

Huwa nacheka, nachota maji yangu, naondoka.

Ila ndugu zangu, nimechoka kucheka. Leo naandika. Shule nimeishia ya msingi, kwa hiyo msinisahihishe, nisomeni tu.

Bibi harusi tulitoka naye. Hilo sikatai.

Mbwa hawakuwepo.

Tulikuwa watano. Kiongozi, anayepiga kinanda na kuongea na wanaotuita. Mapafu, wa tarumbeta, mwembamba kama ufito lakini akipuliza madirisha yanatetemeka. Chumvi, wa gitaa, ambaye pia ndiye dereva wetu. Mimi naimba. Na Shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, mpiga ngoma.

Chumvi ni mweupe. Mweupe wa kuzaliwa, jua likimpata anageuka nyanya. Alikuja kwetu kutoka nchi hizo hizo za watu, kwa kazi nyingine kabisa, akaisikia ngoma ya Shemeji siku moja tu, kazi akaiacha. Kiongozi ni maji ya kunde. Akivaa kofia na miwani, huko tulikokwenda walimdhani wa kwao. Sisi watatu tuliobaki ni weusi wa chungu, hakuna cha kujadili.

Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyetutaka. Alimwona Shemeji kwenye simu, akawaambia wazazi wake: ngoma hiyo ndiyo itakayonichezesha siku yangu, la sivyo sichezi.

Basi tukafika. Mchana kweupe, jua kali.

Ukumbi ulikuwa na milango miwili mikubwa ya vioo, zulia jekundu, na vyungu vya maua kila upande. Kiongozi akashuka wa kwanza.

"Naenda kusalimia wenyeji," akasema, akapotelea ndani.

Sisi tukaanza kushusha vyombo. Akatoka msimamizi wa ukumbi. Suti safi, marashi ya kukata pumzi, fungu la funguo linamning'inia kiunoni.

Akatunyooshea kidole mimi, Mapafu na Shemeji.

"Ninyi watatu, zungukeni nyuma. Mlango wa jikoni."

Chumvi akabeba spika yake, akatufuata.

"Wewe hapana," msimamizi akamwambia, sauti imelainika ghafla. "Wewe pita hapa."

"Mimi ni wa bendi."

"Najua. Lakini wewe..."

"Lakini mimi nini? Malizia, nakusikiliza."

Akaanza kuzichezea funguo zake. Chumvi akazunguka na sisi.

Huko nyuma kulikuwa na mapipa ya taka yamefurika, maji ya vyombo yanapita katikati ya miguu, na nzi. Nzi wa kutosha.

"Hawa angalau hawabagui," Mapafu akasema. "Wametua hata kwa Chumvi."

Tukacheka. Shemeji hakucheka. Alikuwa ameikumbatia ngoma yake isiguse yale maji.

Msimamizi akatukuta jikoni na kutupa masharti. Tukitoka jikoni ni moja kwa moja jukwaani. Mapumziko ni huku huku kwenye mapipa. Tusikatize kati ya wageni.

Nikamtafuta Kiongozi kwa macho. Alikuwa jukwaani, anafuta vumbi kwenye kinanda. Vumbi ambalo sikuliona.

Tukapiga. Na nikwambie kitu, wale wageni walicheza! Shemeji alipoishika ile ngoma, wazee wenye mvi walivua makoti. Bibi harusi akajiweka mbele, wengine wakajipanga nyuma yake, mkono begani, wanazunguka meza kama watoto wa chekechea.

Mimi nikiimba huwa natazama. Ndiyo tabia yangu tangu utoto, mama alikuwa akiniita kamera. Nikaona kwamba Shemeji akigeuka kulia, ule mstari wote unakwenda kulia. Akigeuka kushoto, nao kushoto. Wale watu walikuwa wanavutwa na ngoma tu. Sisi wengine tulikuwa mapambo.

Nikaliweka hilo moyoni.

Mapumziko yakafika, tukarudi kwenye mapipa. Shemeji akamuuliza mpishi choo kiko wapi. Mpishi, mtu wa watu, akamwonyesha kwa kidevu: ng'ambo ya mlango wa ndani wa jikoni, kwenye korido ya wageni. Hakuna kingine.

Shemeji akaenda.

Nilimfuata mpaka jikoni, na ule mlango wa upande wa korido ulikuwa na kidirisha cha duara. Niliona kila kitu.

Hakuwa hata ameshika kitasa. Msimamizi alimdaka kola ya shati, hapo hapo, wageni wanapita na glasi zao.

"Hivi vyoo ni vya wageni."

"Na mimi ni nani?" Shemeji akamjibu kwa upole. "Mwenyeji?"

Msimamizi akamwita mfagiaji, akamwamuru alete dawa na kitambaa, afute pale Shemeji alipoegemea. Ukuta. Kitasa ambacho hakukigusa. Sakafu aliyosimama.

Akamlazimisha asimame atazame mpaka kazi iishe.

Mtu mzima huyo, ndugu zangu. Mtu ambaye dada yangu akimwekea maji ya kuoga anamwita baba.

Aliporudi kwenye mapipa alikwenda nyuma ya pipa la mwisho kujisaidia, kisha akakaa kwenye kreti. Akaiweka ngoma chini, kwenye yale maji machafu aliyokuwa anaikinga nayo.

"Shem," akaniambia, "nimemaliza. Leo sipigi tena. Na nikifika nyumbani ngoma hii naichoma."

"Usiseme hivyo, Shemeji."

"Umeona mikono yangu?" Ilikuwa inatetemeka. "Mikono gani itapiga ngoma ya watu wanaonifutia ukuta?"

Chumvi akasimama, uso mwekundu kuliko siku zote. "Naenda kumvunja pua."

Hapo Kiongozi akatokea, anajifuta mdomo kwa kitambaa cha mezani, ananukia nyama choma.

"Nimesikia, poleni sana," akasema. "Tuwe wapole jamani, tusiharibu jina. Hawa watu ndivyo walivyo."

"Hawa watu ni watu wangu," Chumvi akamwambia. "Ndiyo maana nataka kuanza na pua."

"Dakika chache mrudi jukwaani," Kiongozi akasema, akaondoka. Hakumtazama Shemeji hata mara moja.

Mimi si mtu wa kupayuka. Mimi ni mtu wa kusubiri. Lakini siku hiyo kulikuwa na moto tumboni mwangu, na nikawa naupuliza taratibu, usizimike, wala usilipuke kabla ya wakati.

Nikamshika Chumvi mkono. "Pua ni ya leo tu, kesho inapona. Kaa."

Kisha nikaichukua ngoma kwenye maji, nikaifuta kwa gauni langu la jukwaani.

"Shemeji, mkanda wake uko wapi? Ule wa kuivaa begani."

"Wa nini? Si napiga nimekaa?"

"Leo utapiga unatembea."

Akanitazama. Nikamweleza. Mapafu akaanza kucheka mpaka akashika pipa. Shemeji akanyoosha mkono.

"Nipe mkanda."

Akauvaa.

Tukarudi jukwaani. Kiongozi hatukumwambia neno. Nikaimba wimbo mmoja wa taratibu, wawe na hamu. Wa pili nikauchemsha. Bibi harusi akajiweka mbele, mstari ukajiunga nyuma yake, safari hii ukumbi mzima, mpaka bwana harusi na mama mkwe.

Nikainua mkono. Kwetu hiyo ndiyo alama ya mpiga ngoma kuachiwa uwanja.

Shemeji akashuka jukwaani.

Chumvi akachomoa waya wa gitaa, akachukua sahani mbili za bati, akamfuata anazigonganisha. Mapafu nyuma yao na tarumbeta. Mimi nikaacha maiki, sauti yangu haihitaji umeme.

Kiongozi akabaki anabonyeza kinanda peke yake, macho yamemtoka.

"Mnakwenda wapi? Oyaa! Mnakwenda wapi?"

Tulikwenda chooni.

Naam. Shemeji aliuongoza ule msafara wote kwenye ile korido. Msimamizi akaja mbio, funguo zinalia, akamkuta bibi harusi ameshika bega la Shemeji kwa mkono wake wenye pete. Atamdaka nani kola sasa?

Shemeji akasukuma mlango kwa kiwiko. Akaingia na ngoma yake.

Ikalia humo ndani, jamani! Vigae vinaitikia kama radi ndani ya pango. Wageni huku nje wanapiga makofi wanashangilia, wanadhani ndiyo vituko vya bendi. Kisha ngoma ikanyamaza. Tukasikia maji. Bomba likafunguliwa, akanawa mikono bila haraka yoyote.

Alipotoka, mikono ilikuwa imetulia.

Nilimtazama msimamizi. Mfagiaji alikuwa nyuma yake ameshika ile dawa.

"Nifute tena, bosi?" mfagiaji akauliza. Yule naye ana dhambi zake.

Shemeji akageukia milango ya vioo. Ilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Akalikanyaga zulia jekundu mwanzo mpaka mwisho, katikati kabisa, na harusi nzima nyuma yake, ikamwagika nje kwenye maegesho ya magari. Ndani ikabaki keki na wahudumu.

Bibi harusi akaniuliza huku anahema, "Mbona mmetutoa nje?"

Nikamweleza. Sikuongeza chumvi, sikupunguza. Mapipa, kola, kitambaa cha dawa.

Akavua viatu. Akamwita msimamizi kama anavyoitwa mtoto aliyevunja chungu.

"Leta meza. Harusi yangu iko hapa."

"Lakini, binti, taratibu za ukumbi..."

"Zibebe na hizo taratibu."

Nikamshuhudia akibeba viti, suti imeloa jasho, mlango wa mbele ule ule, anaingia na kutoka, anaingia na kutoka. Na kila akipita, Mapafu anampulizia tarumbeta sikioni.

Nikasema moyoni, sasa nimeshiba.

Kumbe sikuwa nimemaliza kula.

Kiongozi alitoka nje akijichekesha, anampangusa msimamizi bega, anaomba radhi kwa niaba yetu. Msimamizi akamlipukia mbele ya watu wote.

"Usiniguse! Mimi nilikuambia kwenye simu wale watatu sitaki kuwaona. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema nisiwe na wasiwasi! Si ulisema utawapitisha nyuma, hawatasema kitu, wamezoea? Si ulisema wamezoea?"

Ngoma ikakatika.

Shemeji akamtazama Kiongozi. Miaka yote hiyo wamelala chumba kimoja safarini, wameazimana mashati.

"Tumezoea?"

"Shemeji yangu, nisikilize, nilikuwa nalinda safari yetu..."

"Nimekuuliza neno moja."

Kiongozi akatazama chini. Maji ya kunde yote yakamwishia usoni.

Shemeji hakumtukana. Alirudisha mikono kwenye ngoma, akamchezesha bibi harusi mpaka alipochoka mwenyewe. Sijawahi kumsikia akipiga vile, wala sidhani kama nitasikia tena.

Jua lilipoanza kulegea tukapakia vyombo. Kila mtu akabeba chake. Kinanda cha Kiongozi kilikuwa bado ndani, na milango ya vioo msimamizi alikuwa ameshaifunga. Wala hatukukiulizia.

Tukaingia kwenye gari. Chumvi akawasha. Kiongozi akaja mbio, akavuta mlango wa pembeni, umefungwa. Akagonga kioo.

"Nifungulieni! Nafasi yangu si ipo hapo?"

Tukamtazama Shemeji. Akashusha kioo kidogo, kiasi cha sauti kupita.

"Zunguka nyuma," akamwambia.

Na akazunguka, ndugu zangu. Wallahi alizunguka, akaenda kushika mlango wa nyuma wa gari.

Chumvi akakanyaga mafuta.

Sikugeuka kumtazama. Kioo cha pembeni kilinitosha, nilimwona anavyopungua, kofia mkononi, mpaka akawa kama nzi.

Mnaweza kusema tulizidisha. Dada yangu alisema hivyo, mpaka Shemeji alipomweleza habari ya kile kitambaa. Baada ya hapo hakusema tena. Sasa tuko wanne, kinanda hatuna, na bado tunaitwa. Ngoma haijachomwa.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu wa nje akikudharau, usimalize hasira zako zote kwake. Tafuta kwanza ni nani wa ndani aliyemwambia kwamba umezoea.

Asubuhi hii Kiongozi kanitumia ujumbe. Amerudi, nasikia amefikia kwa mjomba wake.

"Mdogo wangu," ameandika, "wewe ndiye ambaye shemeji yako humsikiliza. Niombee kwake. Nipeni nafasi hata nyuma kabisa, hata nisionekane. Utaniombea?"

Nimeusoma mara mbili. Anajua nimeusoma, alama zimeshageuka bluu.

Nimeiweka simu chini, naendelea kuosha vyombo.