Pahali Disiki ya Baba Ilikuwa Inaruka

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na sihitaji kwenda mbali kuitafuta, maana ilikuwa jana. Ulikuwa umeshika kitenge changu, mdogo wako yuko mgongoni, nami nikavua sandali nikapiga nayo meza ya ajanse ya vifurushi, pale Kasuku ng'ambo ya mto, mara tatu, mpaka mihuri yao ikaanguka chini. Foleni nzima ikageuka kutuangalia. Halafu nikalia. Tulipokuwa ndani ya mtumbwi tukirudi Alunguli uliniuliza, "Mama, uligomba sana, sasa mbona ulilia?" Nikakuambia funga mdomo. Hilo halikuwa jibu. Jibu njo hili. Nimeliandika ili ulisome hata siku nitakapokuwa nimechoka kulisema.

Mimi si mzee. Wazee wana haki ya kusema "zamani zetu" na kutikisa kichwa. Mimi nina miaka thelathini na minne na meno yangu yote. Lakini vita inazeesha mtoto upesi, na aliyeungua haulizwi umri kabla ya kueleza moto. Kaa, usikilize.

Ile safari ya jana ilikuwa ya tatu. Siku ya kwanza karani, bwana mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni, aliniambia nirudi kesho. Kesho yake mkubwa wake alikuwa ametoka. Jana kifurushi kilikuwa mbele ya macho yangu, kimekwisha kufunguliwa, na ndani yake ile disiki kubwa nyeusi ya muziki, santuri, ambayo binamu yangu Alphonsine alinitumia toka Ubelgiji.

"Paki yako iliko, mama," alisema. "Lakini haitatoka."

"Haitatoka juu ya nini?"

"Juu ya hii." Akageuza ganda la disiki, lile lenye picha, kwa ncha ya kalamu, kama mtu anayegeuza panya aliyekufa. "Angalia weye mwenyewe. Wanaume wazima, ruji mu midomo, nyota pa jicho, viatu vya kisigino. Mimi niko muntu wa maombi. Siwezi kuachilia kitu kama hii iingie mu muji."

Mwanamume mmoja nyuma yetu akapiga kelele, "Mupe mama muziki yake! Ao unataka kubakia nayo, ucheze na muke yako?" Watu wakacheka. Karani hakucheka.

"Muchungaji atapita Alhamisi," alisema. "Yeye njo atasema kama ni ya kuchoma."

Ya kuchoma. Hapo njo sandali ilitoka mguuni.

Sasa turudi nyuma, maana hasira ya jana mizizi yake iko mbali.

Babu yako, ambaye hukumjua, alikuwa fundi wa breki za treni hapa Kindu. Vita ilipokata njia ya reli, treni ikaacha kuja, na kazi yake ikabaki huko ilikobaki treni. Hata hivyo kila asubuhi alivaa shati lake la kazi, akaenda stesheni, akapangusa spana zake kwa mafuta, akazipanga kwa ukubwa, akarudi nyumbani. Sisi watoto tulidhani ni kazi. Mama yangu alijua si kazi.

Kitu kimoja tu kilimtuliza. Mfanyabiashara mmoja Mgiriki, alipofunga duka lake na kuondoka, alimwachia pikapu ya kuchezea disiki, ile ya sanduku, na disiki moja. Moja tu. Ilikuwa ya kundi la roki la Wazungu, wanaume wanne waliojipaka nyuso kama wari wanaotoka kuchezwa: fedha machoni, manyoya mabegani, viatu vyenye kisigino kirefu kama tofali. Gitaa zao zililia kama msumeno ndani ya ubao mbichi. Hakuna aliyejua wanasema nini. Betri tulizianika juani mchana kutwa, na jioni zilikuwa na nguvu ya nyimbo nne, siku nyingine tano. Baba alianza kila mara na wimbo wa tatu, betri zisije zikafa njaa kabla ya kuufikia, alisema.

Huo wimbo wa tatu ulikuwa na jeraha. Katikati, pale mwimbaji anapopandisha sauti, sindano iliruka, ikaacha maneno fulani, ikaangukia mbele. Baba alikuwa anajua pahali penyewe. Alimshika mama kiunoni, wakacheza, na pale inaporuka alipiga mguu chini, tu! wakaendelea kama hakuna kilichopotea.

"Lakini pale wanasemaka nini?" mama alimuuliza.

"Pale wanataja jina yako," baba alijibu. "Njo maana disiki inaficha. Iko na wivu."

Mwanangu, sijaona tena watu wawili wanacheka vile.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Jirani na kwetu kulikuwa na nyumba ya maombi, na sisi watoto tulienda kwa sababu ya nyimbo na kwa sababu ya hofu. Mhubiri alitufundisha kwamba treni haiji kwa sababu mji umejaa vitu vya giza. Kila nyumba itoe kilicho chake, kichomwe, na tutasikia filimbi. Watu walileta hirizi, shanga, vioo. Mimi nikawaza: kwetu kuna nini cha giza? Nikawaona wale wanaume wanne wenye nyota machoni.

Sikumchukia baba. Uelewe hapo, maana hapo njo penye uchungu. Nilitaka treni irudi ili spana zake zipate kazi. Nilichukua disiki kwa kumpenda.

Na ujinga wa mtoto uone ulivyo: kilichonitisha ni nyuso, nami nikatoa sauti. Niliogopa kubeba zile picha njiani, zisiniangalie. Nikaitoa disiki katika ganda lake, nikaifunga katika kanga, nikaipeleka. Mhubiri alinishika kichwa akanibariki mbele ya watu wote. Disiki haikuwaka kama kuni. Ilijikunja kwanza, kama jani la ndizi, halafu ikatoa moshi mweusi uliotukohoza sote.

Jioni baba alianua betri, akachukua ganda, akalisikia jepesi mkononi.

"Disiki iko wapi?"

"Niliipeleka kwa maombi, baba. Ili treni irudi."

Nilingoja kofi. Baba alikaa chini. Akauliza polepole, bila kejeli, "Na filimbi ulisikia?"

"Bado, baba."

"Basi tungojee."

Akachukua msumari, akatundika lile ganda tupu ukutani. Halafu akaanza kuimba wimbo wa tatu mwenyewe, kwa mdomo, na gitaa zote akazifanya kwa pua. Alipofika pale, aliruka. Akapiga mguu chini, tu! akaangukia mbele. Angefanya nini? Hakuyajua maneno ya katikati. Mama hakuinuka kucheza.

Kesho yake asubuhi, koko, mama wa baba, ambaye alisali swala zake tano na hakuwahi kuupenda ule muziki hata siku moja, aliniita pale alipokuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Ulimuonaka baba yako anaabudu ile kitu?"

"Hapana, koko."

"Alikuwa anafanya nini nayo?"

"Alikuwa anapumzika."

"Basi umechoma mupumuziko ya muntu." Akatwanga mara mbili. "Ulimuuliza mbele ya kubeba?"

"Hapana, koko."

"Usiache mbachao kwa msala upitao. Ile ya mugeni ni nzuri ya kupita nayo. Ya kwenu njo unalalia."

Akarudia kutwanga. Kipigo kingepona, maneno yale hapana.

Mwezi haukuisha baba akaacha kwenda stesheni. Alifunga spana zake katika shati la kazi, akasema anaenda Pangi kuchimba mawe ya madini pamoja na wenzake, atarudi njia ikifunguka. Njia ilifunguka. Treni yenyewe ilikuja siku moja, ikipiga filimbi, na mimi nilikimbia mpaka stesheni nikaangalia kila mlango. Hatukupata habari, wala kaburi. Watu wananiambia hakuondoka kwa sababu ya disiki. Aliondoka kwa sababu ya njaa. Najua. Lakini usiku mtu haulizwi anajua nini.

Mwaka huu Alphonsine alimpigia bibi yako, mama yangu, simu ya video, akaliona lile ganda nyuma yake ukutani. Akalitafuta huko aliko, akakuta wamelichapisha upya: nyimbo zilezile za lile kundi, disiki mpya kabisa, nyuso zilezile, na wimbo wa tatu umo. Utasema, si tungeusikiliza kwenye simu? Alphonsine aliutuma. Bibi yako aliweka simu sikioni akasema, "Ni nzi ndani ya kopo." Unajua sikio lake la kushoto limekwisha kuziba, na la kulia linasikia siku nyingine tu. Lakini pikapu ya baba iko, ameitunza katika kitenge miaka yote hii, na akiweka kiganja juu ya ubao wa sanduku lake, muziki unapanda mkononi. "Nataka nisikie pale," aliniambia. "Nijue kama baba yako alinidanganya." Mimi ningeweza kusikiliza peke yangu kwenye simu. Sikusikiliza. Nilikwisha kumtangulia baba mara moja, mama sitamtangulia.

Kwa hiyo karani aliposema "ya kuchoma", nilipiga meza yake, ni kweli. Lakini nililia kwa sababu nilimtambua. Sauti ile ilikuwa yangu. Anaamini anauokoa mji, kama nilivyoamini mimi na kanga yangu.

Basi nasaha yangu, mwanangu, na ishike kama unavyoshika kitenge changu. Ukikuta mtu ana kitu usichokielewa, usikipeleke kwa hakimu wala kwa moto kabla hujamuuliza mwenyewe: hiki kinakufanyia nini? Kuuliza si ujinga. Mungu simlaumu, Mungu hakuniomba disiki. Usinunue jambo kubwa kwa furaha ya mwenzako, hata kama jambo lenyewe ni zuri, hata kama ni kwa ajili yake. Na ukidhulumiwa, hasira ni hasara, ndiyo, lakini kunyamaza pia ni hasara: piga meza mara moja, halafu vaa sandali yako, tafuta kalamu. Mungu akupe mikono isiyobeba cha mtu bila kuuliza, akupe mtu wa kucheza naye, na pale maisha yatakaporuka akupe mguu wa kupiga chini uendelee. Amina.

Alhamisi ni kesho. Leo asubuhi nimevuka tena, nimeipeleka barua hii, wameipiga muhuri:

Kwa Bwana Mkuu wa ajanse ya vifurushi, Kasuku.

Jambo: lalamiko juu ya disiki yangu.

Bwana Mkuu,

Mimi Mama Riziki, mkaaji wa Alunguli, nalalamika kwamba karani wako amefungua kifurushi changu bila mimi kuwepo na amekataa kunipa disiki iliyo ndani, akisema mchungaji ndiye ataamua kama ichomwe. Disiki hiyo ni yangu na ya mama yangu. Hakuna sheria iliyovunjwa na wanaume kupaka rangi usoni. Nilipiga meza yenu kwa sandali; kwa hilo naomba radhi, na mihuri niliiokota mwenyewe.

Naomba disiki isitoke mikononi mwenu kwenda kwa mtu mwingine yeyote.

Siombi karani afukuzwe. Nami nilifanya kosa kama lake, na hakuna aliyenifukuza. Naomba ailete yeye mwenyewe, Jumapili, baada ya ibada yake. Tutampa kiti cha baba yangu. Asikilize wimbo wa tatu toka mwanzo mpaka mwisho, na akifika pale katikati, ambapo ile ya zamani ilikuwa inaruka, anyamaze kabisa, kwa sababu mama yangu atakuwa anasikiliza.